Kita Kisigino

Mwaka jana, siku ya kilele cha Sikukuu ya Jembe hapa Bugolola, nilishuhudia watu wangu wakinihama huku wananitazama. Sitanii. Miguu yao ilikuwa inakwenda upande wa Wagalu, shingo zimepinda nyuma kunielekea mimi. Mdogo wangu Nkwimba alikuwa katikati yao, kanga imemdondoka begani, machozi yanamtoka, mdomo wake bado unaitikia wimbo wangu. Nilimwita kwa jina. Akaninyooshea mkono kama mtu anayeondoka na treni, na miguu ikambeba hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya uwanja.

Asiyeijua sikukuu yetu atauliza, kuhama uwanja kuna nini? Kuna kila kitu. Hapa hatuna majaji wa kuinua vibao vya namba. Vyama vya ngoma ni viwili: Wagika tunacheza upande wa mashariki, Wagalu upande wa magharibi, ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakotaka. Ukichoshwa unahama. Ukisikia vigelegele vya ng'ambo unakwenda kuchungulia, ukinogewa unabaki. Jua likigusa mawe ya Nyang'olo, wazee wanatazama wapi kumejaa, na huko ndiko kwenye ushindi. Walioshindwa, mvua za kwanza zikinyesha, wanakwenda kulima shamba la walioshinda, tena wakiimba wimbo wa hao hao waliowashinda. Nimelima mashamba ya Wagalu miaka mingi tu, na wao wamelima letu. Sikuwahi kununa. Mwaka jana nilinuna. Nililima huku nimefunga mdomo, kwa sababu nilijua sikushindwa na watu.

Naitwa Mbuke, binti Lugata. Ndimi mtunzi na kiongozi wa Wagika tangu nikiwa na meno yangu yote, na mdomo wangu unajulikana mpaka Magu.

Jioni ile nilimfuata Nkwimba kwake, nimefura. Nilimkuta ameketi kizingitini anajikanda miguu kwa mafuta ya ng'ombe. Tepe lake lilikuwa juu ya kigoda, limejikunja: kitu chembamba, upana wa vidole viwili, rangi ya ngozi, unalibandika kisogoni linateremka na uti wa mgongo. Akaniambia alikuwa amembeba bwana mmoja wa ng'ambo ya bahari, mpole, hana neno. Ila alipomwona chatu ambaye Wagalu hucheza naye, basi, hakutaka tena kuona kitu kingine.

Nikamuuliza kwa nini hakukataa.

"Dada, ni kama haja ndogo," akasema. "Hakuna anayekulazimisha. Lakini utakwenda."

*

Tangu ndege zibanwe kwa sababu ya joto la dunia, watu wa mbali hawaji tena na miili yao. Wanaiacha kwao, kwenye kiti au kitandani, wanakuja kwa tepe. Wewe unavaa, yeye anaona kwa macho yako, ananusa kwa pua yako, ngoma ikipigwa inamtikisa kifuani kupitia kifua chako. Kampuni yenyewe inaitwa Karibu Ndani. Jina hilo, loo, ungedhani limetungwa na walevi.

Na nisiwaonee, mwanzoni tulilipokea kwa mikono miwili. Tuliwahi kuona watalii wa magari. Walikanyaga mtama wetu, wakaacha chupa za plastiki kwenye chemchemi, wakataka kujenga hoteli juu ya mawe tunakozika. Mgeni wa tepe hali, hanyi, hahitaji kitanda wala maji ya kuoga, na fedha yake inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mfuko huo umetuezekea zahanati. Umetununulia jokofu la chanjo na gari la wagonjwa linalotumia jua. Mwanamke wa Bugolola siku hizi hajifungulii njiani, na mimi niliyewahi kumpoteza binti wa kaka yangu njiani siwezi kulidharau hilo.

Mkataba tuliukalia kitako kijiji kizima. Tulijiona wajanja kweli. Tukasema, wachezaji wasivae tepe hata kidogo, maana wachezaji ndio sikukuu, asije mtu wa mbali akachezea miguu ya mchezaji wetu. Kampuni ikakubali bila ubishi. Tukapongezana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo kusema kwamba kwetu anayeamua ni mtazamaji. Tuliwakinga wachezaji, tukawagawa majaji.

Tepe la kwanza lilikuwa na adabu. Mgeni akitaka kwenda kushoto, kisogo chako kinapata joto upande wa kushoto, unaamua mwenyewe. Hili jipya linaivuta misuli. Kampuni inasema halilazimishi, linashauri. Wameweka njia moja tu ya kulikatalia: ukikita kisigino chini kwa nguvu, tepe linamtoa mgeni na kukuachia miguu yako kwa muda wa pumzi chache. Hiyo ni kwa usalama, usije ukaingizwa kisimani na mtu anayetaka kuona maji. Ukikita mara kwa mara, linajizima lenyewe mpaka kesho yake. Na mkataba unasema mbebaji atakita pale tu anapojiona yuko hatarini.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mwaka huu nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, pale shuleni chini ya paa la sola. Nikasema siku ya kilele, tangu mchana mpaka jua lizame, matepe yavuliwe. Siku nyingine zote za sikukuu wageni waje, wabebwe, waonyeshwe kusaga mtama, waonyeshwe mawe, waonyeshwe hata mimi nikikoroga uji. Lakini mashindano tubaki na miguu yetu. Na kama tunataka wageni siku hiyo, tuwaalike wa Kwimba na Ukerewe na Sengerema waje kwa treni na kivuko, walale majumbani mwetu, wale tunachokula, wachague kwa miguu yao wenyewe.

Lubango, mratibu wa Karibu Ndani, akajibu kwa upole. Ni kijana wa hapa hapa, nimemwogesha akiwa mchanga na kichwa chake kama boga, sasa anavaa shati lenye nembo. Akasema, "Mama, wageni wote wameomba siku hiyo moja. Ukiwaondolea kilele, hawatachukua hizo nyingine." Alikuwa anasema kweli, ndicho kilichoniuma.

Nyamizi, muuguzi wetu, naye akasimama. Hakunitazama. Akasema betri za jokofu zinakwisha nguvu mwaka huu, na kwamba yeye hajui ngoma, anajua watoto. Kisha mzee mmoja wa Wagalu akainuka kwa nyuma na kusema neno lililonivua nguo mbele ya watu.

"Mbuke hataki kuwafukuza wazungu," akasema. "Anataka kumfungia Ngasa nje."

Kura ya mikono ikapigwa. Nikashindwa tena, na safari hii hata ngoma haikulia.

*

Ngasa ndiye aliyewaongoza Wagalu karibu muda wote niliowaongoza Wagika. Tumetukanana kwa nyimbo maisha yetu yote. Aliwahi kuimba kwamba sauti yangu imefukuza mvua. Mimi nikaimba kwamba mke wake anampenda kwa sababu haoni vizuri. Mke wake alicheka kuliko wote. Miaka michache iliyopita Ngasa alianguka kutoka juu ya paa akifunga sola, na tangu hapo mwili wake kuanzia shingoni kwenda chini umelala. Kichwa ni kizima, ulimi ndio usiseme. Nyumba yake iko karibu na uwanja, lakini dirisha lake linatazama bonde.

Kwake yeye tepe si utalii. Limi, mjukuu wake, alikuwa akilivaa kila sikukuu na kumbeba. Mwaka jana, wakati mimi natukana moyoni, Ngasa alikuwa uwanjani amesimama kwa miguu ya Limi, analia kwa macho ya Limi. Nilikuwa nalijua hilo. Nilipokuwa nasema mkutanoni matepe yavuliwe, nilikuwa nalijua, na nikalisema hivyo hivyo.

Nikaenda kumwona baada ya mkutano. Nilimwamkia, akaitika kwa sauti ya mtu anayekunywa mtindi mchungu. Nikavuta kiti. Sikuzunguka. Nikamwambia mkutano umekataa, lakini mimi sijakubali, na nimeshatunga wimbo. Kila kiitikio kina neno moja, "kita," na kwenye neno hilo uwanja mzima utapiga kisigino chini. Watu wetu wakisikia kiitikio hawajui kukaa kimya. Wataitika, watakita, na matepe yatajizima yenyewe uwanja mzima.

Ngasa akakodoa macho kwenye dari.

"Na mimi?"

"Na wewe utatoka," nikasema. "Atakayekubeba akikita, utarudi hapa kitandani."

"Basi una bahati," akasema. "Mwaka huu sina wa kunibeba. Limi ndiye anaongoza Wagalu, mchezaji havai tepe. Wengine wote wameshachukuliwa na wageni. Utanishinda bila hata kunitoa."

Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Limi alikuwa amejifunza kurusha jembe. Si kule kurusha kwa kawaida kwa vijana wa siku hizi. Kule kwake yeye Ngasa: jembe linatupwa juu likizunguka, mchezaji anageuka na kupiga magoti, analidaka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Alimfundisha kwa maneno matupu, amelala pale pale, mtoto wa watu anajigonga na mpini sebuleni mpaka kabati limevunjika kioo. Hajawahi kumwona akilifanya kamili, dari ni fupi. Siku ya kilele ndiyo mara ya kwanza.

Nilikuwa nimekuja kugombana. Nilitazama ile mikono yake juu ya shuka, mikono niliyokuwa naiogopa ujana wangu wote, nikajisikia hasira, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Nitakubeba mimi," nikasema.

Akacheka mpaka Limi akaja kuchungulia. Aliposikia kinachochekesha, Limi hakucheka. Akasema Mama Mbuke havai tepe, ni kiongozi. Nikamwambia goti langu limeninyima kucheza muda mrefu sasa. Siku hizi naimba tu nimesimama kando ya ngoma. Mkataba unakataza wachezaji, waimbaji haukuwataja. Na kama wao wanausoma mkataba neno kwa neno, na mimi nilisoma shule.

"Utanipeleka kwa adui kumwona mjukuu wangu," akasema Ngasa, "halafu unifukuze kwa kisigino?"

"Nitasubiri arushe jembe. Nakuahidi. Akishadaka, nakita."

"Usiahidi, Ng'wana Lugata," akasema. "Wewe uje tu."

*

Asubuhi ya kilele Lubango mwenyewe ndiye aliyenibandika tepe, kwa uangalifu kama vile ananivisha shanga za kimila. Nilihisi baridi mgongoni, halafu joto, halafu mtu akawa yumo. Sijui niseme vipi. Ni kama unapokuwa jikoni na unajua kuna mtu sebuleni, ingawa hajakohoa. Kisha nikasikia sauti yake nyuma ya sikio.

"Goti lako bovu kweli," akasema Ngasa.

Nikamwambia lisimsumbue, anaweza kurudi kwake. Nilipopiga hatua ya kwanza nje nikamsikia akivuta pumzi, au nilivuta mimi, sikuweza kutofautisha. Vumbi, jasho la watu, moshi wa nyama. Nilikuwa nimepita pale maelfu ya mara na sijawahi kunusa vizuri vile.

Uwanja ulifurika. Kundi la watu wa Ukerewe niliowaalika mwenyewe, waliolala kwangu na kumaliza viazi vyangu vyote, walikuwa wamesimama katikati na miguu yao wenyewe, wanashangaa. Waliobaki karibu wote walikuwa na matepe. Utawajua kwa jinsi wanavyotazama: macho yanakaa mno kwenye vitu vidogo, kuku, ukuta, kiatu cha mtu. Nyamizi naye alikuwa amevaa. Alipita karibu yangu akainamisha kichwa.

Tukaanza. Na nisijisifu, lakini tulianza vizuri. Sauti yangu ilikuwa imetulia, vijana wangu walikuwa wanalima hewa kwa mstari mmoja, watu wakajaa mashariki mpaka watoto wakapanda juu ya mawe. Zamani aliyehamwa alisema mwenzake kamwaga dawa ya mvuto uwanjani, tukalaumiana mwaka mzima. Siku hizi dawa inatoka ng'ambo na inachajiwa. Nilikuwa naisubiri.

Jua lilipoanza kuinama, Wagalu wakamtoa chatu.

Nikakiona kile kitu tena. Mabega yakatulia, shingo zikabaki kwangu, miguu ikaanza kugeuka. Nkwimba akaanza kwenda. Mwenyekiti wa kijiji akaanza kwenda. Bibi mmoja aliyekuwa anapiga vigelegele akaendelea navyo huku anaondoka, vigelegele vikawa vinakwenda mbali. Miguu yangu mimi haikuvutwa. Ngasa alikuwa mle ndani, wenzake wako ng'ambo, chatu wake mwenyewe ametolewa, na hakunivuta hata kidole.

Ilikuwa wakati wa kuimba ule wimbo. Na Limi alikuwa hajarusha jembe. Nilimwona kule, jembe liko begani, anasubiri chatu arudishwe kikapuni. Nikingoja, uwanja utakuwa umehama wote, na wimbo wangu utaimbiwa mawe. Nikianza, lazima nikite wa kwanza. Kiongozi asipokita, nani atakita? Ninaweza kuvunja ahadi yangu kwa mtu aliyelala kitandani, au ninaweza kuwatazama watu wangu wakibebwa tena kama mizigo. Nilisimama mdomo wazi. Ngoma zikanisubiri.

"Unangoja nini?" akasema Ngasa nyuma ya sikio.

Nikamnong'oneza, bado, bado hajarusha.

"Mbuke." Hajawahi kuniita hivyo, siku zote aliniita kwa jina la baba yangu. "Wale wanaokuja kwangu si watu wangu. Sitaki kushinda kwa miguu ya kuibiwa. Kita."

Nikaimba.

"Mguu wangu, ulikwenda wapi bila kuniaga?"

Na wote, waliobaki na waliokuwa wanaondoka, kwa mazoea tu, kwa kuwa wamezaliwa wakiitika, wakaitika: rudi, kita. Nikapiga kisigino chini kwa nguvu zangu zote, goti likalia, na Ngasa akatoka. Nilihisi akitoka. Kisogo kikawa kitupu.

Sikusimama. Nikaimba tena, nikakita tena. Nkwimba akakita. Ardhi ikatikisika. Watu wa Ukerewe, ambao hawakuwa na tepe wala habari, nao wakakita kwa sababu ilikuwa tamu. Mwenyekiti akakita, akatazama mguu wake kama vile ameuokota. Nyamizi alisimama katikati ya uwanja amefumba macho, na kwa muda nilidhani hatakita. Kisha akainua mguu juu sana, kama anaua nge, akaushusha.

Lubango alikuja anakimbia, kioo cha simu yake mkononi kinawaka rangi nyekundu. Akaniambia wageni wote wametoka, kampuni iko hewani inauliza kuna nini. Akasema mkataba unaruhusu kukita kwenye hatari tu, hatari tu, sasa hapa kuna hatari gani?

"Waambie watu wa Bugolola walikuwa wanaibiwa miguu," nikamwambia. "Kama hiyo si hatari, waje wenyewe wanionyeshe iliyo hatari. Waje kwa miguu yao."

Lubango akatazama viatu vyake.

Matepe yalikuwa yamezima. Uwanja mzima ukasimama, watu wanajitazama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hapakuwa na mtu sebuleni kwa mtu. Walikuwa wamebaki katikati, wengine kwangu, wengine nusu njia, na kila mmoja angeweza kwenda anakotaka. Nilikuwa na wimbo, nilikuwa na ngoma, nilikuwa na watu wanaonipenda kuliko wakati wowote. Ningewaita tu wangerudi wote. Nawaambieni ushindi ulikuwa kiganjani.

Ng'ambo, Limi akashusha jembe begani.

Na mimi nikamkumbuka Ngasa anatazama dari. Nilikuwa nimemtoa kwa kisigino changu. Hakuna jicho hata moja pale uwanjani lililokuwa lake. Kutoka niliposimama, na jua usoni, nisingeona kitu.

Nikaacha kuimba. Nikaondoka kwenye ngoma yangu, nikakatiza uwanja nikichechemea, kiongozi wa Wagika, mbele ya kijiji kizima, nikaenda kwa Wagalu. Mpwa wangu anayepiga ngoma kubwa aliniita kwa hofu. Sikugeuka. Hakuna aliyenivuta. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kwenda, nikasukuma watu nikasimama mbele kabisa.

Limi aliniona. Akarusha.

*

Jioni nilipiga hodi kwa Ngasa, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amegeuzia uso ukutani. Akaniuliza bila kunitazama kama nimekuja kujitapa.

Nikamwambia kwanza yasiyopendeza. Kampuni imesema haileti mgeni Bugolola mpaka ipewe maelezo. Mwenyekiti amesema maelezo watapata, kwamba siku ya kilele haiuzwi, na nyingine wakitaka wazungumze. Amelisema hilo kwa sauti kubwa kwa kuwa miguu ilikuwa bado inamwasha. Nyamizi amenipita kimya, halafu akarudi kuniambia kwamba betri za jokofu ni juu yangu sasa, mimi na mdomo wangu. Nimemwambia sawa. Watu wa Ukerewe wanataka kurudi mwakani na kijiji chao kizima. Nitaanza na hao. Lubango amesema mgeni mmoja ameuliza treni ya Mwanza inafika lini. Nimemwambia amjibu aje na jembe.

"Nani ameshinda?" akauliza Ngasa.

"Ninyi."

Akageuza kichwa.

"Nilihama," nikasema. "Wagika wote waliponiona nimehama wakanifuata. Mashariki alibaki mpwa wangu na ngoma. Mvua zikinyesha tutakuja kulima kwako, na huo wimbo wenu mbaya tutauimba."

Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Akaniuliza nimerogwa na nani, nihame kwangu siku niliyowarudishia watu miguu.

"Mmoja wetu ilibidi aone," nikamwambia. "Wewe nilikutoa."

Kidevu chake kilianza kutetemeka, na mimi sikutaka kukitazama, kwa hiyo nikainuka. Goti lilikuwa limevimba. Nikachukua mwiko mrefu wa ugali uliokuwa umeegeshwa ukutani, nikasimama katikati ya chumba, nikaushika kwa mikono miwili kama mpini.

"Alianza kwa mguu wa kushoto," nikasema. "Nitazame."